Uzio Kati ya Zizi na Migomba

Mjane mmoja alikuwa na wana wawili, ng'ombe watano na shamba la migomba. Jina lake Kokuhirwa, na nyumba yake ilikuwa katika vilima vya magharibi ya ziwa, kule ambako mtu asipopika ndizi huhesabiwa kuwa hajapika. Shamba hilo alilikuta alipoolewa, nalo lilikuwa limekwisha kulisha vizazi vitatu vya ukoo wa mumewe. Halikuwa kubwa. Lilikuwa na kanuni yake tu, na kanuni hiyo haikuandikwa popote, kwa kuwa ilikaa kichwani mwa mwanamke. Tena si ndani ya kichwa, bali juu yake.

Kila asubuhi samadi ilitoka zizini ikaenda kwenye migomba. Kila jioni maganda ya ndizi, na mashina ya migomba iliyokwisha kuvunwa, yalitoka shambani yakaenda zizini. Ng'ombe aliula mgomba, na mgomba ukamla ng'ombe, na watu wakakaa katikati wakila kidogo kutoka pande zote mbili: ndizi na maharage kila siku, maziwa kwa mtoto na mgonjwa, nyama siku ya Krismasi, siku ya arusi, na siku ng'ombe alipoteleza bondeni akavunjika mguu. Aliyekwenda na kurudi kati ya zizi na shamba alikuwa Kokuhirwa, na tenga lake kichwani. Alibeba miaka thelathini na miwili. Kijijini mtu alisifiwa kwa ng'ombe wake, au kwa mikungu yake. Hajatokea aliyesifiwa kwa tenga.

Mumewe alipofariki, wanawe walikuwa watu wazima na kila mmoja alikuwa na dini yake ya chakula. Mkubwa, Ishengoma, alikuwa amekaa mjini miaka tisa akifanya kazi buchani. Alirudi mgane, na tumbo mbele, na imani kwamba chakula kisicho na nyama ni matayarisho ya chakula. Alikula asubuhi supu, mchana rosti, jioni mishikaki, na kidole gumba cha mguu wake wa kulia kilikuwa kikivimba na kuwa chekundu kama pilipili iliyoiva. Mdogo, Byabato, alikuwa mwalimu. Alikuwa amesoma vitabu na kuhudhuria semina, na huko alikuwa amejifunza kwamba nyama nyekundu inaua mla nyama na ng'ombe wanaua ardhi. Hakuwa mwongo. Vilima vya kata jirani alikuwa ameviona kwa macho yake, vilivyolishwa makundi makubwa mpaka vikabaki mawe na mifereji. Na Ishengoma naye hakuwa mwongo aliposema kwamba babu zao walikula nyama na wakaishi. Aliacha kusema tu ni mara ngapi walikula.

Walikuwa wakigombana mezani, na mama yao akiwapakulia.

"Kaka, mguu huo haujavimba bure."

"Mguu ni wangu, unakuuma wewe? Mdogo wangu, hebu itazame hiyo shingo yako. Kuku aliyenyonyolewa ana shingo nene kuliko hiyo. Niombee mimi niendelee kula, mmoja wetu aweze kubeba jeneza la mwingine."

"Na vilima vikiisha kunyolewa na ng'ombe, hilo jeneza utalizika wapi? Kwenye mawe?"

"Nitalizika kwenye migomba yako, ipate mbolea."

Nyamwiza, mke wa Byabato, aliangua kicheko, kisha akaona uso wa mumewe, akainamia sahani yake. Alikuwa na mimba ya miezi mitano wakati huo, na alikuwa akichoka hata kwa kupanda kutoka kisimani.

Ikawa siku moja Kokuhirwa akawapeleka wote zahanati, huyu kwa mguu, huyu kwa mimba, na Byabato akaenda kumsindikiza mkewe. Muuguzi aliwapima mbele ya wote, maana chumba kilikuwa kimoja. Akamwambia Ishengoma: "Baba, hili ni jongo. Nyama nyekundu uipunguze, tena si kwa kupunguza kijiko kimoja. Na pombe uiache." Akamgeukia Nyamwiza: "Nawe mama, damu yako ni ndogo. Meza vidonge hivi kila siku, kula maharage, dagaa, mboga za majani, na ukipata kipande cha nyama usikikatae."

Ni muuguzi mmoja, siku moja, kwenye benchi moja. Lakini kila ndugu alitoka mle ndani na nusu ya maneno, tena nusu aliyoambiwa mtu mwingine. Njiani Ishengoma alikuwa akichechemea huku akitangaza, "Mmesikia wenyewe? Nyama ni damu. Amesema mtu wa serikali." Na Byabato akajibu, "Amesema nyama ni jongo. Mguu wako ndio shahidi." Nyamwiza, ambaye damu iliyokuwa ndogo ilikuwa yake, alitembea nyuma yao polepole, na hakuna aliyemwuliza alichosikia. Kokuhirwa alitembea nyuma ya Nyamwiza. Alikuwa amesikia yote, akayaona kuwa maneno ya kawaida kabisa: huyu amezidisha, huyu amepungukiwa. Alikusudia kuwaambia wanawe hivyo wakifika nyumbani. Walipofika ilibidi kukamua, kuchota maji na kumenya ndizi, na jambo likapita kama yanavyopita mambo mengi ya watu wenye kazi.

Mwezi uliofuata wana wakataka urithi ugawanywe. Kwa desturi ya pale kila mtoto wa kiume hupewa kipande cha shamba pamoja na ng'ombe wa kulilisha shamba hilo, hata akiwa mmoja, hata akiwa wa kuazima kwa jirani. Mtu asiye na ng'ombe huomba kumtunza wa mwenzake. Ndama ni wa mwenye ng'ombe, samadi ni ya mtunzaji, na wote wawili huona wamefaidi. Wazee wa ukoo waliketi sebuleni kwa Kokuhirwa, tayari kugawa hivyo. Ishengoma akasimama kwa mguu wake mzima akasema, "Ya nini kusumbuana? Kila mtu na achukue anachokula." Watu wakacheka. Kisha wakaanza kuona kwamba ni haki. Mla nyama apewe ng'ombe wote watano na mteremko wa malisho. Mla mboga apewe shamba lote la migomba. Mama ataishi katika nyumba yake, mpakani, na atakula kwa wote wawili. Byabato aliona amepata ardhi safi isiyo na ng'ombe. Ishengoma aliona amepata ng'ombe wasio na mahubiri. Waliandika karatasi, wakatia sahihi, na wiki ile ile wakajenga uzio wa miti na seng'enge uliopita nyuma ya jiko la mama yao.

Kokuhirwa angeweza kusema. Katika sebule ile yeye peke yake ndiye aliyejua kwa shingo yake kwamba vitu vile havikuwa viwili. Hakusema. Watu wangependa kusikia kwamba alinyamaza kwa heshima ya wazee, lakini sivyo. Magoti yalikuwa yakimuuma. Aliuangalia uzio ukipanda, akaona kwamba kesho hatabeba, wala kesho kutwa, wala siku yoyote tena, na hakuna mtoto atakayemlaumu kwa kuwa wao wenyewe ndio waliofunga njia. Akafikiri: nyama itatoka huku, ndizi zitatoka kule, nami nitakaa kitako. Jioni ile alilitundika tenga ukutani, na akalala usingizi mzuri ambao hakuwa ameupata kwa miaka.

Mwaka wa kwanza kila ndugu alishinda. Ishengoma aliwalisha ng'ombe mteremkoni, akachinja dume moja, akamletea mama yake mguu mzima. Byabato alivuna mikungu ambayo mtu mmoja hawezi kuibeba, akaipanga mbele ya nyumba ili kaka yake aione akipita. "Inaonekana migomba yangu haikuwaomba ruhusa ng'ombe wako," alisema kwa sauti juu ya seng'enge. "Na ng'ombe wangu hawajakuuliza habari za maganda," akajibiwa. Ndivyo ardhi ilivyo. Ni kama mama mkwe mstaarabu, haikwambii siku ile ile uliyoikosea. Migomba ilikuwa bado inakula samadi aliyoibeba Kokuhirwa mwaka juzi. Ng'ombe walikuwa bado wamevaa mafuta ya maganda ya zamani. Wana waliishi kwa akiba ya tenga, wakaiita akili yao.

Mwaka wa pili ukaanza kusema. Samadi ilirundikana zizini mpaka ng'ombe wakawa wanasimama ndani yake hadi magotini. Kwato zikaoza, nzi wakawa wengi, na mvua iliposhuka ilisomba uchafu ule mpaka kisimani. Mteremko, uliolishwa asubuhi na jioni bila kupumzishwa na bila kusaidiwa na maganda, ukatoka vipara. Ng'ombe mmoja akakonda, na kwa kuwa Ishengoma alijua dawa moja tu ya ng'ombe aliyekonda, akamchinja. Kisha mwingine. Aliwala haraka kuliko walivyozaa, na kila alipowala, mguu wake ulimlaza kitandani siku nne. Upande wa pili Byabato alinunua mbolea ya mfuko. Majani yalikuwa ya kijani miezi miwili, kisha yakarudi kuwa ya njano, kwa kuwa udongo ulikuwa umekuwa mwepesi kama majivu na haukushika kitu. Mikungu ikawa midogo. Fukusi wakaingia kwenye mizizi. Byabato akaandika kila kitu kwenye daftari, akachora na mistari, na daftari lilikuwa zuri.

Na kwa Kokuhirwa, aliyekusudia kula kote kuwili, sahani zikaanza kuja nyepesi. Ishengoma akaleta mfupa. Byabato akaleta kichana kimoja chenye ndizi nyembamba kama vidole vya mgonjwa. Mama akavichemsha pamoja akala, akilitazama tenga ukutani. Alijua. Kila siku alijua, na kila siku magoti yalimpa sababu. Shamba lililolisha vizazi vinne lilikuwa linakufa mbele ya dirisha lake, na akiondoka duniani wakati huo wajukuu wangerithi karatasi mbili na seng'enge.

Mwezi wa nne upepo ukaja. Haukuwa upepo wa ajabu. Kila mwaka unakuja, na kila mwaka unaangusha migomba mitatu minne. Safari hii uliingia shambani adhuhuri, na ulipotoka, shamba lilikuwa limelala chini lote kama watu waliofika kwenye matanga usiku. Mizizi ilikuwa juu, mifupi, imejaa matundu. Byabato alisimama katikati akishika kichwa. Kaka yake akaja hadi kwenye uzio, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kuchekesha, kwa kuwa alikuwa amebakiwa na ng'ombe wawili na mmoja wao alikuwa ameshindwa kusimama tangu asubuhi. Kisha wote wawili wakageuka kumtafuta mama yao. Kila mmoja alitaka aseme kwamba mwenzake ndiye aliyeharibu.

Walimkuta nyuma ya jiko. Alikuwa amesimama mbele ya migomba saba iliyokuwa wima. Ilikuwa minene, yenye majani mapana, na mitatu ilikuwa na mikungu. Upepo ule ule ulikuwa umeipitia. Nyamwiza alikuwa pale, mtoto mgongoni, na ndoo miguuni pake, naye alikuwa na uso wa mtu aliyefumaniwa.

"Umeifanya nini hii?" Byabato akauliza.

"Kitu gani? Sijaifanya kitu," Nyamwiza alisema. "Maganda nayarusha kule kwa ng'ombe. Asubuhi shemeji akiwa bado amelala, napitisha ndoo chini ya seng'enge nachota mavi. Kakombe kamoja ka maziwa pia nakakamua. Mtoto alikuwa ananyonya kwangu hapati kitu, ningefanyaje? Ningeisubiri semina?"

Ishengoma akasema, "Kumbe mwizi wa maziwa yangu ni wewe!" Byabato akasema, "Kumbe unaleta uchafu wa ng'ombe shambani kwangu!" Na wakaanza upya, pale pale, mbele ya migomba iliyosimama, huyu akidai maziwa na huyu akidai usafi.

Kokuhirwa hakupaza sauti. Aliwaacha mpaka wakaishiwa pumzi, akasema:

"Mligawana vinavyoingia mdomoni, mavi hamkumpa mtu, na mavi ndiyo yaliyokuwa yakitulisha sote."

Kisha akaongeza, kwa kuwa lilikuwa la kweli na lilikuwa limemkaa kooni miaka miwili: "Nami nilijua, nikanyamaza. Nilitaka kupumzika."

Hakuwaomba wapatane. Alichukua panga, akakata kamba za seng'enge mahali palipokuwa na njia ya zamani, na kazi hiyo ilimchukua muda kwa kuwa panga halikutengenezwa kwa ajili ya seng'enge. Hakuna aliyemsaidia mwanzoni. Kisha Ishengoma akaja na koleo la kukatia waya. Akaifungua njia upana wa mtu na mzigo wake, akashika nguzo ili mguu usimuangushe, akasema, "Mimi sibebi. Siwezi." Mama yake akamwambia, "Basi kaa pale ukate mashina haya yaliyoanguka, vipande vidogo, uwape hao wawili kabla hawajafa." Akaketi kwenye kigoda akakata mpaka jua likazama. Byabato ndiye aliyepewa tenga. Alilitazama kwanza kama mtu anayetazama mtihani. Mama yake alimwekea kata ya majani ya mgomba kichwani, akamtwika, na maji ya samadi yakamshuka kisogoni hadi ndani ya shati la kazi. Hakusema neno juu ya usafi. Hatua ya ishirini alitaka kutua. Mama yake alimwambia kwamba shamba liko hatua mia moja na arobaini, naye anajua kwa kuwa amezihesabu.

Haikuwa jambo la mwezi mmoja. Mvua mbili zilipita kabla machipukizi hayajawa migomba, na katika muda huo watu wale walikula mihogo na maboga, na wakaazimwa chakula na majirani waliowacheka kwanza. Mteremko ulifungwa ukapumzika, na ng'ombe wakalishwa zizini kwa majani ya kukatwa. Ishengoma aligundua kwamba ng'ombe aliye hai anafaa kila asubuhi, na aliyechinjwa anafaa wiki moja. Basi walichinja siku ya Krismasi peke yake, wakagawana na nyumba nyingine sita, na kila mtu alipata kipande cha ukubwa wa kiganja. Mguu wa Ishengoma ukapungua uvimbe. Hakupenda kuulizwa kwa nini. Byabato hakula nyama hata siku hiyo, wala hakuna aliyemlazimisha, lakini alimpakulia mkewe kwa mkono wake mwenyewe, na hakutaja semina. Bado wanabishana mezani. Huyu humwambia yule shingo, na yule humwambia huyu mguu. Tofauti ni kwamba siku hizi wanabishana wamekwisha kubeba. Na Kokuhirwa anakaa kitako, si kwa sababu njia imefungwa, bali kwa sababu kuna wengine njiani.

Basi wewe unayesema nyama iliwe, na wewe unayesema isiliwe: siku mlipogawana, kile kinachokilisha chakula chenu mlikiweka upande wa nani?